Aliyepasua Grinhausi Yangu Mara Kumi na Moja

Nimeibiwa kuku. Nimeibiwa sufuria ikiwa bado na ugali ndani.

Lakini sijawahi kuona mwizi anayekuja na kisu, anapasua nyumba ya mtu mara kumi na moja, halafu anaenda zake bila kuchukua hata nyanya moja.

Hiyo ndiyo ilinipata, wajukuu zangu. Jumatatu asubuhi, chai bado iko motoni.

Nilikuwa naenda kuangalia nyanya zangu nikaona plastiki ya grinhausi, ile nyumba ninayopandia nyanya, upande wa ziwa, inapepea kama nguo kwenye kamba.

Nikasimama. Nikahesabu.

Mipasuo kumi na moja. Mirefu, kutoka kifuani kwangu mpaka kwenye magoti.

"Uwi!" nikapiga nduru. Mbwa wa jirani tu ndiye alinijibu.

Chini kwenye matope kulikuwa na kisu. Kisu chembamba cha kupasulia samaki, mpini umefungwa kipande cha leso nyekundu.

Hicho kisu mimi nakijua. Nusu ya ufuo wetu wa Luanda Kotieno inakijua.

Ni cha Celestine.

Sasa Celestine ni nani? Mzee wangu marehemu, Oluoch, na mzee wake walikuwa ndugu wa tumbo moja. Huku kwetu wake wa ndugu wawili tunaitana nyieka. Tuliolewa mwaka mmoja, tukachota maji njia moja, tukazaa tukipokezana. Yeye anatengeneza samaki pale ufuoni, karibu na mahali feri ya Mbita inafunga. Mimi nalima.

Na mimi napenda vitendawili kuliko sukari. Tangu tukiwa mabibi arusi nilikuwa namtegea. Mnajua sheria, ukishindwa unatoa mji. Watu wamenipa Nairobi, wamenipa Mombasa, wamenipa Kampala na haiko Kenya.

Celestine hajawahi kunipa mji.

Akishindwa ananyamaza, anaangalia pembeni, anaanza kuzungumza mambo ya samaki. Miaka arobaini na moja. Hajanipa hata soko.

Basi mwaka jana kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kilipata grinhausi kubwa. Ikatakiwa mtu mmoja wa kuisimamia. Mimi nikainua mkono. Nani amelima kunishinda?

Celestine akasimama. Akafunga leso vizuri kwanza.

"Nampenda nyieka wangu," akasema. "Lakini hii kitu ina dawa za kupima na karatasi za kusoma. Mtu wa darasa la tano atasoma nini? Ama atategea nyanya vitendawili?"

Kanisa zima likacheka. Pasta mwenyewe alificha mdomo na Biblia.

Wakampa Celestine.

Nilirudi nyumbani sikula. Siku tatu nilikuwa nasikia kile kicheko hata nikikuna kichwa changu mwenyewe. Siku ya nne nikampigia Sheryl, mjukuu wangu, anasuka nywele huko Obunga, Kisumu.

"Sheryl, plastiki ya grinhausi inapatikana wapi?"

"Dani, unataka kufanya nini?" Dani kwetu ni nyanya, mama wa mzazi.

"Nataka kumnyamazisha mtu."

Akacheka. "Sema tu hivyo, Dani. Nakuja."

Alikuja na plastiki imekunjwa kama godoro. Fundi Wasike akanisimamishia miti. Nyumba yangu ilikuwa nusu ya ile ya kikundi, lakini ilikuwa yangu. Mistari sita ya nyanya. Mitatu upande wa ziwa, mitatu upande wa barabara.

Halafu akaja Terry, afisa wa kilimo, msichana mdogo wa pikipiki na buti. Alitufundisha sote wawili, mimi na Celestine, kila mtu kwake.

"Adui wenu ni bakajani," akasema. "Ile mnaita blaiti. Ikiingia, wiki moja tu mnabaki na kuni."

Nikamtegea hapo hapo. "Kitendawili!"

"Tega."

"Nina mgeni anamaliza boma na hana meno."

"Ni hiyo hiyo blaiti, Dani," akasema, akacheka mpaka akashika pikipiki.

Nilimpenda tangu siku hiyo.

Akanieleza. Weka beseni ya maji yenye dawa mlangoni, mtu akanyage kabla ya kuingia. Mwagilia kwenye shina, majani yasilowe. Toa majani ya chini yanayogusa udongo. Panda mbalimbali. Usipande viazi karibu. Piga kopa, dawa ya kuzuia ukungu, kabla ugonjwa haujaonekana, kwa sababu ukishaonekana umechelewa.

"Na hili ndilo kubwa," akasema. "Kila asubuhi kunja mapazia ya plastiki ya pembeni, hewa ipite. Blaiti inapenda jani lenye maji. Jani kavu inalikosa."

Mwishoni akasema jambo ambalo lilinikaa moyoni kama mfupa wa samaki ngege kooni. Msimu ukiisha atachagua nyumba moja iwe shamba la mfano. Akina mama wa ufuo wote, mpaka Usenge, watakuja kujifunza hapo. Mwalimu atakuwa mwenye kuisimamia.

Wajukuu, nisiwadanganye. Kutoka hapo sikutaka nyanya tena.

Nilitaka Celestine akae kwenye fomu ya kukalia uani kwangu, na kalamu mkononi, afundishwe na mtu wa darasa la tano.

Nilifuata yote. Hata kuku akikaribia mlango nilimkanyagisha beseni.

Yote, isipokuwa moja.

Celestine alikuwa anapita kwangu kila asubuhi akienda ufuoni. Akifika kwenye ua anasimama. Anaangalia nyanya zangu. Haongei. Anaangalia tu, halafu anaenda.

Huku kwetu kuna watu tunasema wana sihoho. Jicho baya. Mtu wa sihoho akiangalia chakula chako, tumbo linakuuma. Akiangalia ng'ombe wako, maziwa yanakauka. Sijui kama Celestine analo. Lakini mimi ningekuwa mjinga nimwachie nyanya zangu ajaribie?

Nikateremsha mapazia. Yote. Nikayafunga chini kwa mawe.

Terry akija nayakunja haraka haraka. "Vizuri, Dani," anasema. Akiwasha pikipiki nayateremsha.

Ikaingia mvua ya Aprili. Ziwa likawa linatema ukungu asubuhi. Ndani ya nyumba yangu plastiki ikawa inatoa jasho, matone yanateremka, yanaangukia majani. Nikafurahi! Nikatunga kitendawili kipya: nyumba yangu inatoka jasho na jikoni hakuna moto. Nikaona nyumba inafanya kazi kwa bidii kama mwenyewe.

Wiki tatu hivyo.

Halafu ndiyo ile Jumatatu. Mipasuo kumi na moja.

Niliingia ndani. Upande wa barabara, kule mbali, nikaona majani yana madoa ya kahawia yaliyolowa kama yamemwagiwa chai. Nikageuza moja. Chini lina ukungu mweupe kama unga.

Blaiti.

"Ameingiza jicho kupitia kwenye kisu," nikasema kwa sauti. Sikuwa na shaka hata kidogo.

Nikachukua panga.

Nilikuwa nimefika kwenye mwembe wa... hapana, sitaki kuwadanganya, sikufika popote. Nilifika kwenye lango langu tu, kwa sababu Sheryl alikuwa amekuja wikendi na hakuwa amerudi Obunga. Akanishika leso kwa nyuma.

"Dani, ukimkata huyo mama tutakuletea chai jela. Wewe ni wa kunywa chai ya jela?"

"Niache!"

"Mpigie Terry kwanza. Aone. Uwe na shahidi. Halafu ukitaka tutaenda sisi wawili, na mimi nitabeba jembe."

Huyo mtoto ana akili. Nikarudisha panga. Lakini nilitaka kushona mipasuo na uzi wa nyavu, akanikataza hiyo pia. "Ushahidi unashona aje, Dani?"

Mvua zilikuwa zimeharibu barabara. Terry alikuja Ijumaa.

Siku hizo nne nilikaa na kile kisu kwenye kapu. Nikinywa uji nakiangalia. Nikisali nakiangalia.

Terry alikanyaga beseni, akaingia, akatembea mstari kwa mstari. Akainama, akageuza majani. Akarudi tena upande wa ziwa. Akashika jani. Akashika lingine.

"Dani, nani alikata hapa?"

"Adui yangu."

"Una uhakika ni adui?"

"Terry, usinichezee."

"Njoo uone." Akanivuta mkono. "Mistari ya upande wa barabara imeoza. Sivyo? Sasa angalia hii iko kwenye mipasuo. Jani kavu. Safi. Shina safi. Hewa ya ziwa imekuwa ikiingia hapa siku nne."

Nikalishika na mimi. Lilikuwa kavu.

"Na haya madoa ya kule hayakuanza Jumatatu. Ni ya wiki iliyopita. Ulikuwa unafunga mapazia, Dani?"

Nikaangalia pembeni. Nikaanza kuzungumza mambo ya kuku.

"Dani."

"Nilikuwa nafunga."

"Mimi ningekuta hivi mapema," akasema Terry, "ningekata mwenyewe."

Mnajua kuna kofi la mkono na kuna kofi la maneno. Hilo la pili halina sauti lakini sikio linawaka zaidi.

Nyanya zangu niliziua mimi. Na zile zilizopona, zilipona kwa kisu cha Celestine.

Tuling'oa mistari mitatu ya upande wa barabara. Tukaifunga kwenye magunia ndani kwa ndani ili tusitawanye ugonjwa, tukaenda kuizika mbali. Tukapiga kopa mistari iliyobaki. Tukakunja mapazia yote. Mistari mitatu ikasimama. Baadaye ikazaa, wajukuu, nyanya kama ngumi ya mvuvi.

Mngedhani hapo nimesamehe.

Hapana.

Kwa sababu huyo mwanamke hakuja kunisaidia. Alikuja kuniua. Kukosea kwake shabaha mimi kunanihusu nini?

Jumanne iliyofuata nikatoa kisu kwenye kapu. Nikaenda mpaka grinhausi ya kikundi. Celestine alikuwa ndani, mapazia yamekunjwa vizuri, nyanya zake zinang'aa. Nikakaa kwenye jiwe nje ya ua. Nikaanza kunoa.

Shwa. Shwa. Shwa.

"Oyawore, nyieka," nikamwamkia.

Aliona kisu. Aliona leso nyekundu kwenye mpini. Beseni aliyoshika ikamwagika.

"Oyawore," akajibu. Sauti kama ya kifaranga.

"Nyanya zako nzuri. Hii plastiki ni ile nyepesi ama ile nzito?"

Akainama kuokota beseni.

"Nauliza tu," nikasema. Nikaenda zangu.

Jumatano nikarudi. Alhamisi nikarudi. Kunoa, salamu, kuondoka. Sikumtukana, sikumtisha. Mtu haruhusiwi kunoa kisu?

Ijumaa nikakuta ameteremsha mapazia yote. Jumamosi nikamkuta Wasike anapigilia mbao juu ya mapazia, misumari pande zote, na kufuli mlangoni. Celestine alikuwa analala na ufunguo shingoni. Aliwaambia kina mama kuna wezi.

Nikaangalia ile plastiki kwa nje.

Ikaanza kutoa jasho.

Hapo, wajukuu zangu, ndipo dhambi yangu iko. Kwa sababu wakati huo mimi nilijua. Darasa la tano, lakini nilijua. Nilikuwa napita kila asubuhi na kisu changu, naangalia matone yanateremka ndani, na moyo wangu unapiga makofi.

Sikusema neno. Siku kumi na mbili.

Siku ya kuchagua ikafika. Terry akaja, kina mama wote wakaja, pasta akaja na ile Biblia yake ya kufichia mdomo. Walianza kwangu. Terry akawaonyesha mapazia yaliyokunjwa, majani makavu, beseni. Kina mama wakapiga vigelegele. Celestine alikuwa nyuma kabisa, anashika shingo yake.

Halafu tukaenda kwa kikundi.

Alifungua kufuli. Mlango ukafunguka na harufu ikatoka kwanza, kabla ya mtu yeyote kuingia. Harufu ya nyanya iliyooza, kama kapu la samaki lililosahaulika juani.

Terry aliingia, akatoka. "Karibu nusu imeshika," akasema. "Kuna mistari ya upande wa ziwa bado. Tukipata hewa sasa hivi, tukang'oa wagonjwa, kitu kitabaki. Nani amepigilia hizi mbao? Leteni nyundo."

Nyundo hakuna. Wasike alikuwa amevuka na feri kwenda Mbita kwa matanga.

Nikamwangalia Celestine. Hii ndiyo saa niliyoingoja. Nilikuwa nimeandaa hotuba, kila neno, tangu siku ya kicheko kanisani.

Lakini nikasikia mtu analia. Haikuwa Celestine.

Ilikuwa Nabwire. Rafiki yangu Nabwire, mama mwenye nyonga mbovu, ambaye msimu mzima alibeba maji kutoka ziwani mpaka hapo kwa kichwa, safari mbili kwa siku, akichechemea. Alikuwa amekaa chini na nyanya moja iliyooza mkononi, anaipangusa kama mtoto aliyejimwagia uji.

Hotuba yote ikanitoka.

Huyo sikumkusudia. Lakini ni yeye nilimpata.

Nikaingiza mkono kwenye kapu. Nikatoa kisu.

Kina mama wakarudi nyuma. "Yawa!" mtu akasema.

"Terry," nikauliza, "nikate?"

Terry aliangalia kisu, akaniangalia mimi, akamwangalia Celestine. Huyo msichana si mjinga.

"Kata, Dani. Upande wa ziwa, kati ya mbao. Kutoka kifuani mpaka magotini."

Nikamgeukia Celestine. Nikasema polepole, kila mtu asikie.

"Nyieka, hii kisu ni yako, ama nimekosea?"

Kina mama wakaangaliana. Hata pasta alisahau kuficha mdomo.

"Ni yangu," akasema.

"Uliisahau kwangu."

"Niliisahau."

Nikakata. Plastiki inalia vizuri ikipasuka, sijui kama mmewahi kuisikia. Nikakata wa pili. Nikakata wa tatu. Nilikuwa nakata na meno yameumana, na wallahi nisingetaka mtu anisaidie. Miaka arobaini na moja ilikuwa kwenye ule mkono. Hewa ya ziwa ikaingia, majani yakatikisika.

Kwenye wa kumi nikasimama kupumua.

"Bado moja," akasema Celestine.

Alikuwa anahesabu.

Nikakata wa kumi na moja. Halafu nikampa kisu chake, mpini mbele.

Akaja karibu, akasema chini chini, "Nilitaka zife, nyieka. Zote."

"Najua," nikamwambia. "Na mimi hizi nilitaka zife. Niliona jasho nikanyamaza. Sasa tuingie tumng'olee Nabwire."

Tuling'oa mpaka saa tisa. Mistari minne ilipona kati ya kumi. Mavuno ya kwanza ya nyumba yangu niliyapeleka kwa Nabwire, ndoo kwa ndoo, na nikamwambia kwa nini. Alikaa wiki mbili haniamkii. Ilikuwa haki yake.

Shamba la mfano likawa langu.

Somo la kwanza walikuja kina mama thelathini, wengine kutoka Usenge. Celestine alikuja pia. Nikamwekea fomu ya mbele. Alikuwa na daftari mpya na kalamu mbili, moja ikikwisha.

Nikasimama mbele ya nyumba yangu. Ile mipasuo sikuishona. Nimeizungushia neti ya mbu, hewa inapita.

"Kitendawili!" nikasema.

"Tega!" wakajibu wote.

"Nyumba yangu inatoka jasho na jikoni hakuna moto."

Wakafikiri. Mmoja akasema bafu. Mwingine akasema kanisa siku ya harusi, tukacheka.

Nikamwangalia Celestine. Jibu alikuwa nalo. Nani angelijua kumshinda? Lilikuwa limekaa hapo mdomoni.

Akafunga leso vizuri kwanza. Hakuangalia pembeni.

"Nimeshindwa, nyieka," akasema. "Chukua Kisumu."

Mungu anisamehe, nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Sasa nyinyi mnaosoma, somo langu ni hili. Kunjeni mapazia. Ukiona plastiki inatoa jasho, usingoje doa. Fungua, na kama jirani yako ndiye aliyefunga, mwambie siku hiyo hiyo, hata kama unamchukia. Mchukie hewa ikiwa inapita. Mimi nilinyamaza siku kumi na mbili kumkomoa mtu mmoja, na mwenye kulia akawa mwingine.

Kisumu nimechukua. Sijamrudishia, na sirudishi.